Herufi K Yenye Pembe: Kumuaga Mzee Renatus Magige

Tarehe 30 Juni 1993 Mzee Renatus Magige anaondoka dirishani baada ya miaka ishirini na mitano ya kupokea na kupanga barua katika kituo chetu kidogo cha posta, pembezoni mwa mji wa Musoma. Anarudi kwao Butiama. Wenzake wameniomba niandike mimi, mfagizi na mpika chai, kwa sababu nimekaa naye kuliko wote. Nimekubali, ila sitaandika matamu tupu.

Miaka ile ya dhiki, sabuni hakuna, bahasha hakuna, Mzee Renatus alikuwaga anakata mifuko ya saruji na kuikunja kuwa bahasha. Watu waliona aibu kuzituma, basi akaanza kuzipamba kwa jina la mpokeaji. S yake ilikuwa samaki kamongo aliyejikunja, O ilikuwa chungu. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha alifanya mazoezi nyuma ya fomu za zamani, ulimi umetoka kidogo. Akina mama wa Suguti wasiojua kusoma waliijua barua yao kwa mbali. Mmoja, Hyasinta, alirudisha bahasha akidai kamongo amekonda, mwanawe atadhani nyumbani kuna njaa. Mzee akamnenepesha kwa wino.

Mimi alinifundisha K ya mwanangu Keraryo, aliyeko kwenye mashamba ya mkonge Tanga: ng'ombe amesimama, pembe juu. Nilijifunza mpaka chai ya watu ikapoa. Keraryo naye akawa ananijibu kwa K hiyo hiyo.

Januari 1992 mkuu wetu wa wakati huo aliagiza bahasha zenye michoro zisisafirishwe, eti zinachelewesha kazi. Zikae kabatini hadi agizo lingine. Mzee Renatus ni mtu wa kutii. Akaweka kalamu. Mimi nilidhani macho yamechoka; mfagizi, nani anamsomea agizo?

Mwezi wa tatu mume wangu akaugua. Nikamwandikia Keraryo aje amkute baba yake bado anaongea. Nikachora pembe vizuri kuliko siku zote, nikaitumbukiza sandukuni kimyakimya, nikitaka Mzee aikute mwenyewe afurahi.

Barua haikufika. Mume wangu akafa. Kwa telegramu ya msiba Keraryo alifika siku ya nane, tumeshazika. Akaniuliza kwa nini nilimficha. Nikasema mwanangu, niliandika. Akasema, mama, wewe unafanya kazi posta, barua yako ndiyo ipotee? Akaondoka. Hajaniandikia tena.

Juzi kwenye makabidhiano kabati likafunguliwa. Bahasha arobaini na moja. Yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu. Zaidi ya mwaka mzima nimefagia mbele ya kabati lile. Mzee Renatus alisema alizifungia bila kusoma majina, maana kwa uchungu hakuweza kuziangalia. Nikamwambia kuziangalia ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku hiyo chai sikumpikia.

Kesho yake alifika mapema, ana bahasha nyeupe isiyo na hata ua. Ndani akaingiza yangu, bado haijafunguliwa, na karatasi aliyoisaini kwamba kosa ni lake, mama asilaumiwe. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza namwona akilikwepa agizo. Imeondoka Ijumaa na gari linalopita Bunda.

Mzee Renatus, asante kwa bahasha za saruji, na kwa herufi ulizotupa sisi tusio na shule. Kakae vizuri Butiama na mkeo, Mama Ursula, ng'ombe wako wanenepe kama kamongo wa Hyasinta. Moyo wangu haujakunjuka, sitakudanganya. Lakini jibu likija nitakuletea kwa mkono wangu mwenyewe. Likiwa na pembe, nitakuja hata kabla sijalifungua.

Selestina Nyamhanga, Mama Keraryo