Dada Mkubwa, Aliyeushusha Ubao wa Majina

Marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Alitembea akiwa na miezi tisa, na mama alizoea kusema kwamba tangu hapo hakumwona ameketi tena.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa kando ya reli, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1978. Siku aliyoshika nafasi ya pili alirudi analia, akajifungia chumbani. Baba alisimama nje ya mlango. "Mwanangu, wa pili naye anakula. Njoo mezani." Alitoka, lakini chakula hakukigusa.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, akawa anashona kola. Ukutani palikuwa na ubao ulioandikwa majina ya washonaji wote kila Ijumaa, kuanzia mwenye kola nyingi hadi mwenye chache. Jina la Dada lilikaa juu majuma ishirini na matatu mfululizo. Aliacha kunywa maji asubuhi, asije akapoteza muda kwenda msalani. Aliacha pia kula mchana na rafiki yake wa mashine ya jirani, tuliyemjua kwa jina la Mama Pacha. Huyu alikuwa na mshono safi kuliko wote, ila kasi hakuwa nayo, na jina lake liliporomoka hadi mkiani. Ijumaa moja ya Agosti 1985 aliusoma ubao, akakunja aproni yake na kuiweka juu ya mashine.

"Leo nimechoka, shoga."

"Subiri nimalize hii," Dada alijibu bila kuinua macho.

Alipomaliza, kiti kilikuwa kitupu. Jumatatu Mama Pacha hakuja, wala Jumatatu iliyofuata. Dada alipokwenda kwake alikuta wapangaji wengine, na hakuna aliyejua alikohamia.

Tarehe 20 Juni 1987 Dada alifunga ndoa na fundi mashine wa kiwanda hichohicho. Shemeji amekiri kwamba alikuwa akikawia makusudi kuitengeneza mashine yake ili waongee. "Unanishusha kwenye ubao, wewe!" Dada alimfokea. "Basi shuka kidogo, tuonane," akajibiwa. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1994 alikabidhiwa usimamizi wa washonaji sitini. Asubuhi ya kwanza alipanda kiti, akaushusha ubao.

Meneja alikuja juu. "Sasa watajuaje nani anafanya kazi?"

"Watajua, bosi. Mimi nilijua. Ambacho sikukijua ni nani alikuwa anaumia."

Aliwapanga wawili wawili, mwenye kasi na mwenye mkono safi, na kila siku alipita mashine kwa mashine akiuliza, "Umeamkaje?" Kisha alisubiri jibu. Mwezi wa kwanza kazi ilipungua, na meneja akatishia kumrudisha kwenye kola. Mwezi wa tatu ilirudi palepale, mashati yenye kasoro yakawa ya kuhesabika, na waliokuwa wakificha homa wakaanza kusema. "Kwa nini hatukufanya hivi zamani?" meneja aliuliza. Dada aligeuka akaitazama mashine ya karibu na dirisha, alipokuwa akikaa Mama Pacha.

Alistaafu mwaka 2016. Miaka mitatu baadaye figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kila mwanamke mwenye mvi alipopita kwenye korido ya hospitali, Dada alimgusa binti yake: "Hebu mwangalie usoni." Alisema akimpata Mama Pacha hatakuwa na maneno mengi, atamwomba tu wakae benchi moja, wale mchana bila kuangalia saa. Hakumpata. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Februari 2021, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watatu na washonaji wengi waliojaa hapa leo. Shemeji bado akipita kwenye mlango wa chumba ambamo Dada alikuwa akishona nyumbani hupunguza mwendo, akisikiliza kama cherehani inalia.

Dada Mkubwa apumzike kwa amani, nasi tujaliwe kuuzoea ukimya wa nyumba yake.