Fomu Mbili Sandukuni mwa Spesioza

Baba Paroko, mfiwa Tarsisi Nduwimana na wanao, ndugu waombolezaji, familia imemchagua Levina, mdogo wa marehemu, awasomee historia hii, na familia haikujua inamchagua nani.

Marehemu Spesioza Irambona alizaliwa Ulyankulu tarehe 14 Machi 1981, akasoma shule ya msingi hukohuko toka 1989 hadi 1995, akafaulu, lakini mama aliugua, akabaki kumuuguza na kulima tumbaku, na Levina alipofaulu naye mwaka 1998 ndiye aliyepelekwa sekondari kwa sare mpya, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002 na kupata sifuri, ingawa majirani waliambiwa matokeo yamechelewa.

Tarehe 28 Juni 2003 marehemu alifunga ndoa na Tarsisi, wakajaliwa Wenceslaus na Esperansi, na mwaka 2010 wakahamia Cheyo, hapa Tabora mjini, ambako alipata kazi ya kupika uji shule ya chekechea, na jioni, akinukia moshi bado, alikwenda Ng'ambo kwenye kituo cha masomo ya jioni, akakaa dawati moja na vijana waliomwamkia shikamoo kabla ya kumwazima kalamu, hata mwaka 2015 akafaulu mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, unaomruhusu asiyepita sekondari kufanya wa kidato cha nne. Watu walimsifu mno, Levina akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akayasubiri hayo maji, hayakuja.

Mwezi Februari 2017 marehemu alilazwa kwa malaria, akamkabidhi Levina fomu yake ya kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne aipeleke kituoni, naye Levina akaificha chini ya kanga kabatini mpaka siku ya mwisho ikapita, kisha akasema alikuta ofisi imefungwa. Leo, mbele ya jeneza, anasema haikufungwa. Ulikuwa wivu, wala hauna jina jingine.

Marehemu alingoja mwaka mzima, akafanya mtihani 2018 kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu, na Mei 2021, akiwa na miaka arobaini, akafanya wa kidato cha sita, akapata daraja la pili, na A ya Historia, ile ya misafara ya pembe na watumwa iliyopita hapahapa kwetu, mtaa ukaanza kumwita Mwalimu kabla hata kituo hakijamwajiri, na Levina akawa mdogo wake Mwalimu, jina lililomchoma kila alipokwenda kununua chumvi.

Alianza kuugua figo Septemba 2024, akatibiwa Tabora na Mwanza, akafariki tarehe 9 Februari 2025. Jana, sanduku lake lilipofunguliwa kutafutwa nguo ya kumvika, zilikutwa fomu mbili, ya kwanza ile ya 2017, ambayo kumbe aliiona alipokuja kumfulia Levina aliyekuwa amejifungua, akaichukua na asiitaje miaka yote hiyo, na ya pili ya mwaka huu, ya kidato cha nne, imejazwa jina la Levina kwa mwandiko wa marehemu, picha imebandikwa, imekosa sahihi tu. Hata hapo Levina aliona wivu, maana moyo wa namna ile yeye hakupewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Cheyo, walimu wenzake na wanafunzi wa kituo. Fomu imeshatiwa sahihi, mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa, na Levina ataipeleka kwa mkono wake.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.