Shati Lisilo na Vifungo: Maisha ya Mama Suzanne Wabiwa (1966–2024)

Mama Suzanne Wabiwa alizaliwa Mboko tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mzee Etabo, mkulima wa mihogo, na mama Marie. Alifariki nyumbani kwake Baraka, Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, kwa kansa ya utumbo mkubwa. Aliagiza ugonjwa huo utajwe kwa jina lake, na utajwe mapema, kabla watu hawajachoka kusikiliza. Umetajwa.

Alisoma shule ya msingi Mboko, kisha akajifunza kushona katika foyer, kituo cha mafunzo cha akina mama, huko Nundu. Mwalimu wake alilalamika kwamba binti huyu alifumua mishono ya wenzake iliyopinda bila kuombwa. Tabia hiyo hakuiacha.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Déogratias Wilondja, mvuvi wa Baraka. Walijaliwa watoto wawili, Darius na Léoncie. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wakaishi huko miaka kumi. Walirudi Baraka mwaka 2006, na Déogratias akafariki mwaka 2011. Mama Suzanne aliwalea watoto kwa mashine yake, akishona hasa nguo za matanga. Kwetu kitenge ndicho kinachosema, siku ya kuzika, nani ni wa nyumba na nani amekuja kutazama. Yeye ndiye aliyekikata.

Mwaka 2019 Darius alimwoa Akimana Niyonkuru, mkimbizi kutoka Burundi aliyekulia kambini Lusenda. Mama mkwe alimkalisha kwenye mashine siku ya pili, akamfumulia pindo mara kadhaa, akamwita mwanangu.

Mwezi wa Novemba 2021 Mama Suzanne alianza kuona damu chooni. Alimeza dawa za amibe, kama kila mtu hapa anavyofanya tumbo likisumbua. Alikonda. Aprili 2022 shemeji yake mkubwa, Baba Albert Wilondja, alitangaza kwamba Mama Suzanne amelishwa sumu, na aliyemlisha ni Akimana. Alimleta mganga wa kutoa sumu. Mganga alikaribishwa chakula, akala, akaanza kazi, na mwishowe akaonyesha kipande cha nyama alichodai kimetoka kooni mwa mgonjwa.

Mama Suzanne alikitazama. “Docteur, iyo haiko sumu. Iyo ni firigisi ya kuku. Ni mi nilikupikia yo asubui!”

Watu walicheka. Baba Albert hakucheka. “Suzanne, unacheka na kifo. Ule mutoto wa Burundi anakumaliza.”

“Shemeji, na mi nilikuwaka mukimbizi. Kule Nyarugusu nilipikia Mutanzania gani sumu?”

Hata hivyo, tarehe 2 Mei 2022 Baba Albert aliitisha kikao cha familia, na Akimana akarudishwa Lusenda. Darius alinyamaza. Mama yake aliagiza hilo nalo lisomwe. Kwa miezi iliyofuata, mgonjwa alitibiwa sumu: maji ya majani na pilipili, yakisukumwa kwa nyuma kwa puare, kile kipira cha kuingizia dawa. Utumbo uliokuwa na kidonda uliogeshwa pilipili. Baba Albert ndiye aliyesimamia.

Januari 2023 tumbo lilifunga kabisa. Daktari wa Baraka alimpima kwa kidole, akahisi uvimbe, akasema aende Bukavu haraka. Familia ilipouliza nani awe garde-malade, wa kumuuguza huko, mgonjwa alijibu: “Mumuite Akimana. Mwingine akuye, ninabaki apa.” Akimana alikuja.

Bukavu walimwingiza mrija wenye kamera, wakakata kipande cha uvimbe, wakakipeleka maabara. Hicho hakikuwa cha kuku. Daktari Lionel alimweleza mbele ya mkwe wake: “Mama, uyu uvimbe ulianza zamani, mbele uyu binti afike kwenu. Mungekuja mwaka ulipita, tungekata tu, tufunge. Sasa umefika mu maini.”

“Rudilia, docteur,” alisema Mama Suzanne. “Pole pole. Kuko mutu mi naenda kusimulia.”

Alipasuliwa Februari, akawekewa mfuko wa haja kubwa ubavuni. Aliushonea vifuniko vilivyofanana na mabulauzi yake. “Mi ni couturière,” aliwaambia waliokuja kumpa pole. “Ata mavi yangu haitembee uchi.” Akimana aliuosha ubavu huo kila siku. Matibabu ya kansa kwa dripu, kuanzia Machi hadi Septemba, yalimwongezea mwaka, yakamwachia ganzi vidoleni. Hakuweza tena kutia sindano uzi.

Ndipo aliponunua kitenge cha matanga yake mwenyewe. Alikata yeye, alishona Akimana. Vazi la kwanza lilikuwa la Akimana. La mwisho lilikuwa shati la Baba Albert, ambaye hakuhitaji kupimwa. Alimjua kwa macho. Limekamilika, limepigwa pasi, halina vifungo. Vifungo amekabidhiwa Akimana, na neno hili: “Albert akitaka kunizika na kitenge ya nyumba, amuombe Akimana amushonee bifungo. Amuombe mbele ya batu, kama vile alimufukuza mbele ya batu. Akikataa, asimame na bageni.”

Mama Suzanne ameacha mkwe, Akimana. Watoto wawili, Darius na Léoncie. Mjukuu mmoja, Divine. Na shemeji, Baba Albert, ambaye mpaka programu hii ya mazishi inakwenda kuchapwa alikuwa hajaomba.

Mama, pumzika kwa amani. Sindano imekwisha kutiwa uzi.