Jinsi Kitanda Changu Kilivyouzunguka Mlima

Ndugu zangu, kabla ya yote acheni niwataje mlioketi hapa, maana kutoa ushuhuda bila kujua unamwambia nani ni sawa na kuita mbuzi wa watu gizani. Mbele yangu yuko Hajati Zainabu, muuza mchele wa soko la Bwera, mama yake Yusufu ambaye mtamsikia sana leo. Ubavuni kwake ni Mama Mbambu, mjane wa kaka yangu, aliyeniogesha siku ambazo nilikuwa siwezi kujigeuza. Kule nyuma yuko Baluku mwalimu, aliyeoa binti wa shangazi yangu. Yuko Baluku wa mbuzi, ambaye hatuna undugu ila tulibatizwa siku moja, na Baluku wa magongo, mtoto wa jirani yangu wa Karambi. Sisi Wakonzo tunapewa jina kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo akina Baluku hawaishi, lakini mimi siwachanganyi. Mlangoni amesimama mjukuu wangu Ithungu. Hakai, kwa sababu suruali yake ya ngozi ikikutana na kiti cha plastiki inatoa sauti ambayo yeye mwenyewe haipendi. Yupo pia mtu mwingine hapa ambaye nitamsema bila jina. Nikimfikia atajijua.

Mimi ni Biira, wa pili kwa mama yangu. Wa kwanza ni Masika, dada yangu, aliyeolewa Bundibugyo, upande wa pili wa mlima. Habari hii ni yake na yangu.

Nilianguka shambani Karambi wakati wa kuchuma kahawa. Mnajua mashamba yetu yalivyosimama kama ukuta. Mguu uliteleza, nikaenda na kikapu changu mpaka kwenye migomba ya jirani, na nyonga ikavunjika. Hospitali walinitibu, mfupa ukaunga. Nikaletwa hapa Bwera kwa Ithungu, na daktari akasema nianze kutembea pole pole. Sikuanza. Nilikuwa nauogopa mguu wangu mwenyewe kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyemuuma. Nikajilaza kwenye kitanda changu cha chuma, kile cha zamani ambacho marehemu mume wangu alikinunua kwa mapadri, kizito, cha kubebwa na wanaume wanne. Nikageukia ukuta. Watu wakija kunisalimu naujibu ukuta.

Hapo ndipo alipokuja yule nisiyemtaja. Alikaa, akapewa chai, akaniambia, "Mama, pumzika tu. Umri wako ni wa kungoja kuitwa." Hakusema kwa ubaya. Ndugu zangu, nawaambia, maneno ya namna hiyo ni matamu sana kwa mgonjwa. Yanamwondolea kazi yote. Nikamshukuru, nikaendelea kungoja.

Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na kelele. Ithungu na wenzake walikuwa wamefungua gereji kwenye uwanja mtupu, wanakata vyuma na kuchomelea kuanzia asubuhi. Mwanzo niliwalaani. Halafu nikaanza kusikiliza. Kulikuwa na injini moja iliyokuwa inakohoa kila asubuhi na kufa. Leo inakohoa kikavu, kesho inakohoa kama ina makohozi. Nikajikuta nikiamka naisubiri. Siku moja ilikohoa, ikanguruma vizuri, kisha pa, kimya, na watu wakaangua kicheko. Nikaita niambiwe kumetokea nini. Hakuna aliyesikia. Nikaita tena. Wanacheka tu.

Basi nikaamka. Nilishika ukuta, nikashika meza, nikafika dirishani na jasho linanitiririka. Nikaona pikipiki isiyo na tangi, imefungiwa chupa ya maji iliyojaa petroli, na kando yake mwanaume mnene ambaye nyusi zake zimeungua zote. Huyo ndiye Kambale, fundi wa kuchomelea kutoka Kasindi, Congo, ng'ambo ya mpaka. Nikacheka peke yangu pale dirishani.

Kila mtu ana ugonjwa wake, wangu mimi ni kuuliza. Kesho yake nilifika mlangoni, na baadaye nikawa nakaa uwanjani kwenye kigoda chenye mto. Nikauliza mbona bomba la moshi limeinuliwa juu kama shingo ya jogoo. Wakasema ni la kuvukia mito. Mbona matairi ni manene? Ya tope. Hizi pikipiki zilikuwa za nani? Zilikuwa boda zilizokufa, wanazinunua kama mizoga, wanazikata, wanazirefusha, wanazifufua. Nikamuuliza Yusufu, kiongozi wao, sasa zikifufuka zinakwenda wapi.

"Popote, mukaka," akasema. Mukaka ni bibi, ndivyo wanavyoniita wote, hata yeye Mwislamu. "Tulifika Ishasha, tukafika Kabale. Tunakwenda, halafu tunarudi."

"Mnapeleka nini?"

"Hatupeleki kitu."

"Kuna msiba huko? Harusi?"

"Hakuna."

Nilishangaa sana. Tangu nizaliwe sijaona mtu akimwaga petroli kwenda mahali ambapo hana msiba, hana harusi wala soko. Nikataka kujua zaidi, na wao wakaeleza, na Ithungu akaniambia kwamba safari inayofuata ni kuzunguka mlima mpaka Bundibugyo. Hapo nikamkumbuka Masika, nikaacha kuuliza. Wakadhani nimechoka.

Wiki haikuisha, simu ikaja kutoka kwa Kabugho, binti wa dada yangu. Akasema macho ya Masika yanafunga, waganga wa hospitali wamesema hayatarudi, na yeye mwenyewe ameagiza hivi: mwambieni Biira aje nimwone wakati bado naona. Ndugu zangu, Masika ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu akiwa shambani. Nikalia. Halafu nikapiga hesabu ya mwili wangu. Basi siwezi, kwa sababu nyonga haikunji, na siti za basi zinataka magoti yako yawe mdomoni. Boda siwezi, kwa sababu mguu haufunguki kukaa tagaa. Na kwa Masika, juu ya mji wa Nyahuka, gari halipandi.

Nikamwita Kambale. Nikamuuliza kama anaweza kufunga kiti pembeni ya pikipiki.

"Ya mutu ao ya mbuzi?"

"Ya mtu asiyekunja mguu."

Akanitazama. Akasema, "Kufunga naweza, mukaka, lakini chuma haiko. Hizi bomba za leo ni kama karatasi. Hii inaomba chuma muzito ya zamani."

Nikamwambia anifuate ndani. Nikamwonyesha kitanda. Akakigonga kwa spana, kikalia kama kengele ya kanisa.

"Hii iko chuma ya kweli," akasema. "Na wewe utalala wapi?"

"Usiku nitalala chini kama watu wengine. Mchana sitalala."

Mama Mbambu hapa alisema nimechanganyikiwa, na anajua kwamba alisema. Ithungu alikataa, akaona aibu, watu watasema ameuza kitanda cha bibi yake. Nikashikilia neno langu mpaka wakachoka. Wakakitoa nje wanaume wanne, nami nikakaa kwenye kigoda changu nikitazama kitanda changu kikikatwa miguu. Nilikuwa nimelala pale nikingoja kuitwa. Sasa hata kama ningeitwa, hapakuwa na pa kujinyoosha.

Mbavu za kitanda zikawa fremu. Kiti wakakitoa kwenye teksi iliyogongwa. Wakaweka shokapu, wakaweka mahali pa mguu wangu kunyooka. Ikapendeza. Tukatoka kuijaribu kwenye barabara ya kwenda mpakani, Yusufu akiendesha, na mimi nimevaa kofia ngumu nyekundu iliyonimeza mpaka kidevuni.

Sasa sikilizeni. Lori la mahindi likaja. Likapita karibu nami kiasi kwamba niliziona nati za gurudumu moja moja. Likaja la pili, dereva akachungulia chini, tukatazamana macho kwa macho, akafanya ishara ya msalaba. Yusufu hakuona kitu, alikuwa anasikiliza injini. Nikampiga kwenye paja, nikamwambia, "Yusufu, hivi ndivyo mnavyosafiri, nyinyi pembeni na bibi katikati ya barabara?"

Akasimama. Akaitazama pikipiki, akaitazama barabara, akashika kichwa. Tuliporudi gereji, Kambale akatoka nje akatuona tunavyokuja, akakaa chini mavumbini.

"Nilifunga upande ya Congo," akasema.

Mnaelewa ninyi watu wa mpakani. Kwao wanapita kulia, kwetu tunapita kushoto. Kiti kama hiki lazima kikae upande wa majani. Kambale alijifunza kazi kwao, Beni, mkono wake ukafunga kulia kama ulivyofundishwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona, kwa sababu sisi tunavuka pale mpakani Mpondwe kila siku ya soko na kubadili upande kama tunavyobadili lugha, bila kufikiri. Uwanjani hapana kulia wala kushoto. Wakacheka mpaka Kambale naye akacheka.

Mimi sikucheka. Asubuhi hiyo Kabugho alikuwa amepiga simu, akasema mama yake ameanza kuuliza kama kumekucha. Na kiti hakihamishwi hivi hivi, maungio yote yalikuwa yamekatwa kwa ajili ya kulia. Nikasema twende hivyo hivyo, pole pole. Yusufu akainamisha kichwa, nikaona anataka kukubali. Ni Ithungu aliyekataa. Alisimama mbele ya pikipiki na mikono kiunoni.

"Mukaka, bibi Masika anataka kukuona. Hajasema anataka kukuzika."

Wakakata upya. Chuma kikapungua, wakachukua kichwa cha kitanda kilichokuwa kimebaki ukutani, kikawa mikono ya kushikia upande wa kushoto. Nilikuwa nakaa pale mchana kutwa, na kila cheche ikiruka nasema moyoni, Masika, usifunge bado.

Tulitoka kukiwa na umande. Hajati Zainabu alitufungia sambusa na akatuombea dua, Baluku mwalimu akatuombea sala, kwa hiyo tulikuwa na ulinzi wa pande zote. Pikipiki tatu: yangu na Yusufu mbele, Ithungu kati, Kambale nyuma na vyuma vyake. Kikorongo nikaomba tusimame nione ule mstari wa ikweta unaoigawa dunia. Nikatafuta chini sikuuona. Nikauliza mbona nyasi za huku na za huku ni zile zile. Yusufu akawasha injini. Muhokya tulikunywa chai, watu wakajaa, mama mmoja akauliza kama wananipeleka hospitali. Nikamwambia hapana, mimi ndiye ninayewapeleka. Hima nikaona mapaa ya kijivu kwa vumbi la saruji, nikauliza kama na mvua ya huko inaganda. Wakacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Tulilala Fort Portal kwa baridi. Kesho yake barabara ikateremka upande ule mwingine, na nikainua macho. Ndugu zangu, mlima huu nimeuona mgongo wake tangu kuzaliwa. Siku hiyo niliuona tumbo lake. Nikamwambia Yusufu azime injini. Tukautazama. Nilitaka kujua upande huo unafananaje, basi.

Juu ya Nyahuka njia ikawa nyembamba kati ya mikakao, na kiti changu kikakwama. Wakavuta, wakasukuma, Kambale akatoa msumeno wake wa chuma, nikamwambia auache. Mbele niliona bati la nyumba ya Masika. Nikasema nishusheni. Nikashika fimbo, Ithungu akanishika kiwiko, nikaupanda ule mlima kwa mguu uleule niliokuwa nauogopa. Uliuma. Niliupanda.

Masika alikuwa uani anachambua maharage kwa vidole. Akainua uso, akaona kitu chekundu kinakuja.

"Afande," akasema, "hapa hakuna kosa."

Kufungua kofia nikashindwa. Nikamwambia, "Masika, ni Biira."

"Biira hana kichwa kikubwa hivyo."

Ithungu akanifungulia. Dada yangu akanivuta mpaka pua zetu zikagusana, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga, akatazama paji, akatazama shavu, akanifungua mdomo kama anayenunua mbuzi. Alichukua muda wake wote. Mwisho akasema, "Umezeeka vibaya." Nikamwambia na yeye. Halafu akaomba nivae ile kofia tena, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi iliyokuwa bado inamfikia.

Tulikaa naye siku za kutosha. Baadaye macho yalifunga kabisa. Kabugho anasema wageni wakimuuliza mama yake kuhusu mdogo wake, anawajibu: yuko na mikunjo, meno ya mbele hana, na kichwa chake ni chekundu kama jua linalotua. Hivyo ndivyo nilivyobaki ndani yake.

Wasingya, yaani asante, Mama Mbambu, kwa kuniogesha. Wasingya, Hajati, kwa mtoto uliyemzaa na kwa dua. Asante Kambale, ambaye leo yuko Kasindi, na asante Ithungu kwa mikono kiunoni. Hata wewe niliyekuficha jina, ulikunywa chai nami wakati wengine walikuwa wamechoka kuja, nakushukuru kwa hilo. Kwenu mlio na magongo, na kwa walio kitandani nyumbani, nina neno moja tu. Usingoje nguvu zije kwanza. Tafuta kitu kimoja nje ya dirisha usichokielewa, ukiulize. Mguu utafuata ukitaka kusikia jibu.

Nimemaliza. Mimi ni mzee, darasani nilikaa kidogo, na huenda mahali nimetanguliza kilichofuata, au nimempa mtu neno la mwenzake. Aliyekuwepo na asimame anisahihishe sasa hivi, mbele ya wote. Sitaona vibaya. Nataka kujua.