Bi Tandiko, Aliyekataa Kupewa Pole

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1961, siku ya mvua ya mawe iliyotoboa mabati ya karakana ya baba yake. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo mkunga aliletwa karakanani, na mtoto akazaliwa katikati ya ngozi, nta na sindano za kushonea. Baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, alimlaza juu ya tandiko ambalo lilikuwa bado halijakamilika, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki kikavu. Hapo ndipo lilipotoka jina la Bi Tandiko. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano, na wa kwanza kwa ubishi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko la nafaka, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake: "Ana akili, ila hashauriki." Baba yake aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mezani, akasema, "Nusu ya kwanza umerithi kwangu." Mama yake akajibu kutoka jikoni, "Na nusu ya pili pia."

Mwaka 1980 aliomba kazi kwenye mazizi ya farasi wa mbio. Msimamizi alimwambia kwamba kupanda si kazi ya wanawake, lakini ufagio upo. Aliuchukua ufagio, akafagia huku akitazama. Asubuhi moja mpandaji mmoja alikuwa na homa, na farasi wake ameshatandikwa. Msimamizi alipogeuka kutafuta mtu, Bi Tandiko alikuwa tayari yuko juu.

"Shuka!"

"Nitashuka nikirudi."

Alirudi, akashuka, na ufagio ukapewa mtu mwingine. Alifanya kazi pale hadi 1997, kisha akafungua uwanja wake mwenyewe wa kufunzia farasi pembeni mwa mji, wenye mazizi sita, uzio wa mbao, na ofisi ya kiti kimoja tu. Alisema wageni wakipewa kiti hawaondoki.

Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na fundi wa viatu vya farasi. Walikutana kazini. Bwana alikuwa ameinama akipigilia kiatu, na farasi akawa anamwegemea kwa uzito wake wote. "Dada, hebu mshike vizuri huyu," alilalamika. Marehemu akamjibu, "Nimemshika. Ni wewe unayeegemewa na kukubali." Mume wake husema tangu wafunge ndoa ameegemewa miaka thelathini na minane, na hajawahi kuomba nafasi. Walijaliwa binti, aliyeufuata uwanja wa mama yake, na mtoto wa kiume, ambaye manyoya ya farasi yalimtia chafya tangu utotoni, akawa fundi umeme. Marehemu hakumlaumu, ila taa za mazizi hazikuisha kuharibika.

Februari 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari walimkuta na ugonjwa wa moyo.

"Mama, moyo wako umechoka," daktari alimwambia. "Usipande tena farasi."

"Kama umechoka, daktari, si ndiyo vizuri ubebwe?"

Daktari alicheka, kisha akarudia maneno yake bila kucheka. Marehemu alimeza dawa zote kwa wakati, akaacha chumvi, akaacha kubeba ndoo. Farasi hakuacha. Familia ilipomsihi apumzike, alijibu, "Nitapumzika sana, tena bila kuombwa."

Ni katika hali hiyo, Aprili 2023, aliposikia habari za Kimondo. Huyu alikuwa farasi mweusi wa mbio, mwenye kifua kipana na nguvu za kutisha, aliyechanika mshipa wa mguu wa mbele na kupumzishwa malishoni mwaka mzima. Daktari wa mifugo alithibitisha kwamba mguu umepona. Lakini alipotandikwa tena, alitoka mbio na kila aliyempanda, na wa tatu alivunjika bega. Mwenye farasi, mfanyabiashara wa vigae, hakuwa mtu mbaya. "Siwezi kumuuzia mtu kifo," alisema. "Msimu ukiisha na bado hashikiki, atachomwa sindano alale moja kwa moja."

"Mlete kwangu," alisema Marehemu.

"Mama, wewe ni mgonjwa."

"Na yeye pia. Hatutaulizana."

Alianzia chini. Kwa majuma mengi hakumpanda, alimtembeza tu kwa kamba ndefu kwenye mchanga na kwenye kilima cha nyuma, ili mguu upate nguvu na kichwa kipate subira. Tandiko la mbio akaliweka kando, akamvika moja pana lililoshonwa na baba yake. Alipoanza kumpanda, aliacha hatamu zilegee. Farasi wa mbio amezoeshwa kwamba hatamu zikikazwa, aegemee lijamu mdomoni na aongeze kasi, hivyo kila aliyemvuta Kimondo ili asimame alikuwa anamwambia kimbia. "Ukimvuta naye atavuta," alimwambia binti yake, "na shingo yake ni nene kuliko kiuno chako." Badala ya kumvuta, alimzungusha duara, dogo na dogo zaidi, mpaka Kimondo mwenyewe akaona hakuna anakokwenda.

Kufikia Julai alikuwa anatembea vizuri. Hata hivyo, mara mojamoja alilipuka bila sababu iliyoonekana, na tarehe ya mwenye farasi ilikuwa inakaribia.

Siku moja ya Agosti jirani yao, mwuza maua, alipita kwenye uzio na toroli lake, akamwona Marehemu juu ya farasi, akakumbuka kwamba hajamjulia hali.

"Shoga! Nimesikia unaumwa! Pole, jamani! Pole, pole sana!"

Kimondo alitoka kama mshale. Marehemu hakuvuta. Alimgeuza, akambana kwenye duara, na walipokuja kusimama wote wawili walikuwa wanahema. Alishuka, akamfunga kwenye uzio, akakaa kwenye mchanga mpaka pumzi ikarudi, kisha akaita, "Rudia ulichosema."

"Nirudie tena?" Jirani alikuwa amejificha nyuma ya maua yake. "Unataka wakunyanyue hapo, nitiwe lawamani mimi?"

"Rudia. Nimeshashuka."

Alirudia, na Kimondo akaruka pale pale alipofungwa. Jioni hiyo Marehemu alimpigia simu aliyekuwa akimpanda Kimondo mashindanoni, akamuuliza ni maneno gani aliyokuwa akimwambia kwenye kizimba cha kuanzia mbio kabla mlango haujafunguliwa.

"Polepole, mama," alijibu yule bwana. "Si ndivyo tunavyowatuliza? Polepole, polepole. Halafu kengele. Halafu fimbo."

Kwa Kimondo, hilo lilikuwa neno la mwisho kabla ya kuchapwa, na kila mwenye moyo mzuri aliyempanda baadaye aliinama akamnong'oneza hilo hilo.

Asubuhi, bango lilitundikwa getini: HAPA HAKUNA POLE. Wengi walidhani ni kiburi cha mgonjwa, na Marehemu hakuwasahihisha. Alisema tangu augue amepewa pole za kutosha kufungua duka. Binti yake ndiye aliyempinga. "Mama, farasi huyu atatoka nje ya geti. Utaifunga midomo ya mji mzima?"

Marehemu alilishusha bango kwa mkono wake. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kumjulia hali alipelekwa kwanza zizini wakati wa kulisha, akampe farasi pole yake, na konzi ya shayiri mkononi. Mawifi, majirani na wateja wa zamani walipanga foleni mbele ya Kimondo. "Pole, baba. Pole sana." Kaka yake mkubwa aligoma.

"Mimi nimpe pole mnyama? Kwani amefiwa?"

"Utafiwa wewe, ukichelewa," alisema Marehemu. "Sema."

Akasema. Mwanzoni Kimondo alirudi nyuma hadi ukutani. Baadaye alitetemeka lakini akala. Ilipofika Oktoba alikuwa anatafuna bila hata kuinua sikio.

Katikati ya Oktoba miguu ilivimba tena, na Marehemu hakuweza kutoka kitandani. Mwenye farasi alikuwa aje Jumapili tarehe 5 Novemba kuamua.

"Jumapili utampanda wewe," alimwambia binti yake. "Hata nikiwa wapi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Hata nikiwa wapi. Naweza kuwa nimesinzia tu, mbona unanizika?"

Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023, jioni, mume wake akiwa amemshika mkono na dirisha la upande wa uwanja likiwa wazi kama alivyoagiza. Kaka yake mkubwa alishika simu amwambie mwenye farasi asije. Binti aliichukua simu hiyo, akaiweka juu ya kabati.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, kaka wawili, dada wawili, na watu wengi aliowafundisha kukaa sawa juu ya tandiko. Mwenyezi Mungu ampe pumziko, na ampe subira ya kulizoea.

Asubuhi iliyofuata uwanja ulikuwa umejaa waombolezaji. Mwenye farasi alifika, akaona viti vimepangwa, akavua kofia, akageuka aondoke. Wakati huo huo binti alitoka zizini akiwa juu ya Kimondo, hatamu zimelegea. Njia ya kwenda getini ilipita katikati ya watu, na watu walipomwona mfiwa, wakamsahau farasi. Mmoja alianza, wote wakafuata. "Pole, mwanangu. Pole sana. Poleni, jamani, poleni." Mjomba wake alinyoosha mkono kuwanyamazisha, lakini neno lilikuwa limeshatoka midomoni mwa wengi.

Kimondo alisimama. Masikio yalisimama, na ngozi ya mabega ikatetemeka. Mikono ya binti ilitaka kuvuta. Alivikunjua vidole, akaacha hatamu zianguke shingoni mwa farasi.

Kimondo alipuliza pumzi ndefu puani. Kisha akainamisha shingo, akaanza kuwanusa waombolezaji viganja, mmoja baada ya mwingine, akitafuta shayiri. Alipoona hakuna aliyebeba kitu, akatoka getini akitembea.