Kipande cha Mbingu Juu ya Mgongo wa Kyeni

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Mbinya funga mlango wa jikoni ili moshi usije huku, kwa maana pumzi niliyobaki nayo nataka kuitumia kwa maneno, si kwa kukohoa. Muuguzi aliwaambia ukweli mkiwa nje, nami nikausikia kupitia dirishani. Sikulia. Mvua ya Machi imenikuta nikiwa na akili zangu, kwa hiyo sikilizeni, na asinikatize mtu.

Nianze na yaliyo mepesi. Shamba la chini, pamoja na plau na maksai, ni la Kilonzo, kwa kuwa ndiye mkubwa. Ng'ombe mwekundu na ndama wake ni wa Mbinya, na asitokee mjomba wa kuniambia kwamba binti aliyeolewa harithi, kwa maana maziwa ya ng'ombe huyo ni yeye aliyeyabeba kichwani mpaka soko la Tulia tangu akiwa msichana. Deni langu ni moja, nalo si la fedha: Ndinda alinichimbia matuta mguu wangu ulipovimba, na sijamrudishia. Mwethya wetu wa wanawake, mnajua, leo tunachimba kwako, kesho kwangu, na kifo hakimtoi mtu katika zamu. Kilonzo, utakwenda wewe na sururu. Wanawake watakucheka. Chimba hivyo hivyo.

Sasa lile zito, la kilima chetu. Mgongo wa Kyeni.

Mwanangu Kilonzo, najua mtu wa kokoto alikufuata Emali, najua mlikula nyama pamoja, na najua anautaka mgongo wote, kuanzia mwamba mweupe mpaka mti wa mwisho wa mkau. Usiinamishe kichwa. Mwanamume anayetafuta halaumiwi kwa kutafuta. Lakini jiwe likishasagwa ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki, kwa hiyo kabla ya kutia sahihi yako popote utasikia jinsi mgongo huo ulivyokuwa wetu, maana mwaka ule wa sabini na nane ulikuwa Mombasa ukitafuta kazi na hukuona.

Sisi wanawake tulikuwa tukichimba matuta kule juu miaka mingi, na kila mwaka, mvua ndefu ikikaribia, tulikuwa tukiwaona wakipita: mwewe, tai, kozi, wakitoka kusini kwenda kaskazini, wengi mpaka mtu anaacha sururu. Akaja mgeni mmoja na darubini, akatuambia wanavuka nchi baada ya nchi mpaka kwenye theluji, na kwamba hakuna aliyejua ni wangapi wanaopita hapa kwetu. Akajaribu kuwahesabu, akashindwa, kwa kuwa mbingu ni pana na yeye alikuwa mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa. Hapo ndipo Tima, yule mwenye duka, aliyekuwa akija kuchimba nasi hata akiwa na saumu, aliposema, "Kwani tuta tunalichimbaje? Si kila mtu na kipande chake?" Tukaigawa mbingu kama tunavyogawa tuta. Wewe kuanzia mkau huu mpaka ule, mimi kuanzia ule mpaka mwamba.

Nyanya yenu alikataa. Alisema kiumbe chenye uhai hakihesabiwi, si mbuzi, si mtoto, ukihesabu unaita kifo. Nami sikutaka kumvunjia heshima mama mkwe wangu, kwa hiyo tukakubaliana kwamba kwa kila ndege kumi mtu atatia mbaazi moja katika kibuyu, na jioni tutahesabu mbaazi. Akafikiri. Akasema, "Mbaazi hesabuni, hizo zimekwisha kufa."

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vita. Ndinda anapiga kelele, "Huyo ni wangu!" na Tima anamjibu, "Wako vipi na amelala kwangu tangu asubuhi?" Jioni tulikuwa na mbaazi za kupika na kubakiza, kwa sababu kila ndege alihesabiwa na watu watatu. Tukajifunza. Wakizunguka juu, usihesabu. Ngoja wapande wamalize upepo wao, waanze kuteleza mmoja nyuma ya mwingine, na ndege akivuka mgongo katika kipande cha mtu, ni wa mtu huyo, basi.

Halafu wakaja wapimaji wa ardhi. Baba yenu alikuwa amekwisha kufa, na ndugu yake Muthama alisimama mbele ya kamati akaudai mgongo. Alikuwa amekwisha kuelewana na watu wa mawe, hilo lilijulikana sokoni kote. Akasema, "Wazee, pale juu hakuna shamba, hakuna zizi, hakuna kaburi. Shemeji yangu anapeleka wanawake wakatazame hewa. Hewa nayo ipewe namba?" Watu wakacheka, na wengine walikuwa wa kanisa langu mwenyewe. Nilimwambia mwenyekiti, Mzee Nzomo, kwamba ardhi ni ya anayeifanyia kazi, na kazi yetu ina msimu wake, waje waione. Wakakubali, na siku ikapangwa.

Siku hiyo tuliamka na wingu. Wazee wakapanda, wakaketi juu ya mawe, na hapakuwa na hata njiwa. Nilisimama kwenye kipande changu nikijua kwamba jua likishuka hivi, nitashuka nikiwa mjane asiye na mgongo. Muthama akawa anatembea huku na huku. "Jamani, leo hewa imekwenda sokoni?" Tima akamjibu bila kugeuza shingo, "Shemeji, ukichoka kungoja, kuna mtaro hapo chini haujaisha."

Mchana wingu likapasuka. Ukaja upepo wa kusini, mwamba ukapata joto, na Ndinda akasema neno moja: "Wanakuja." Mwanzo walikuwa kama vumbi. Kisha waliinuka mbele yetu wakizunguka, kundi juu ya kundi, mpaka wazee wakavua kofia ili waweze kuangalia juu, nao wakafika kileleni mwa upepo wakaanza kuteleza juu ya vichwa vyetu. Hakuna mwanamke aliyepiga kelele. Ilisikika mbaazi ikianguka kibuyuni, tena, na tena, kutoka mwanzo wa mgongo hadi mwisho.

Na katika ukimya huo, sauti ya mwanamume: "Wewe Tima! Umeruka watatu! Hao hapo, juu ya mkau!"

Alikuwa Muthama, na kidole chake kiko juu.

Mzee Nzomo akamgeukia polepole. "Muthama, unahesabu nini? Hewa?"

Wanangu, nimewahi kusikia vigelegele vya harusi na vya uhuru. Havikufikia vya siku ile. Mgongo uliandikwa kwa jina langu pale pale juu, na jioni mbaazi zilipita mia nne. Mwaka uliofuata Muthama alikuja mwenyewe na kigoda chake akaomba kipande. Nilimpa. Hajataja kokoto tena, nanyi msimkumbushe. Mpeni chai, na kwa kuwa jicho lake moja limekufa siku hizi, kaeni upande wenye jicho zima.

Nipeni maji... Inatosha.

Kilonzo, ndugu zako wa kanisa wananishauri nimwachie Mbinya hati ya mgongo, na wengine wananiambia nikufunge kwa kiumo, kwa laana ya mama, ili usiuze. Sitaki. Aliyefungwa hulinda kamba, halindi ardhi. Hati nakupa wewe. Lakini upepo umegeuka, nausikia kwenye mabati, na wenzangu wako juu sasa hivi, na kipande changu leo hakina mtu. Nenda ukakishike mpaka jua lishuke. Ukirudi na bado unataka kuuza, uza, sitakulaani.

Umesema nini? Sema kwa nguvu, masikio yangu yanatangulia...

Mnasikia, wanangu? Anauliza mpaka wangu na Tima uko wapi. Mtu wa kuuza haulizi mpaka wa mbingu.

Ni mkau uliopinda, mwanangu. Kulia ni kwake. Usimwibie, atakutukana mpaka Emali.

Leteni viganja, niwatemee mate ya baraka kama mama yangu alivyonitemea mimi, na mchungaji akiuliza, mwambieni ni maji. Mzae. Mchimbe. Msigombane juu ya sufuria zangu. Nikienda wakati wanapita, msishuke... mwili utangoja jioni, wao hawangoji. Mbinya, fungua huo mlango, kaka yako apite. Kilonzo... wakizunguka, usihesabu. Ngoja... ngoja waanze kwenda.