Mtu Hajipi Njia: Historia ya Marehemu Mzee Kulabu

Ndugu waombolezaji, jamaa na jirani, mliokaa na mliosimama, anayewasomea ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mke wake, na familia imenipa kazi hii kwa sababu sauti yangu inafika mpaka kwa walioko nje kwenye jua bila kipaza sauti, na pia kwa sababu wote waliojaribu kuisoma jana walilia kabla hata marehemu hajazaliwa, kwa hiyo tulieni, nitasoma yote, hata yale ambayo mwenyewe angenikonyeza niyaruke.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina lingine ila Mzee Kulabu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pekee wa mama yake, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana, mahali ambapo watoto hulala na kelele na kushtuliwa na kimya. Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966, hesabu akiziweza, kuimba akiombwa aache, na baada ya kuzungukazunguka na vibarua vya hapa na pale, tarehe 1 Julai 1970 aliajiriwa katika yadi ya mabehewa kuwa mfungaji, yaani yule anayeingia katikati ya behewa na behewa na kuzinasa kulabu zake, kazi ambayo ukizubaa inakula vidole. Yapo maneno kwamba aliweza kufunga behewa linalotembea huku akimenya chungwa, na maneno hayo niliyaanzisha mimi, lakini hayako mbali sana na kweli.

Katika yadi ile ilikuwapo sheria moja, mzee akiitaja mpaka kwenye harusi za watu, kwamba mtu hajipi njia, maana yake mwenye treni haondoi gurudumu mpaka mwenzake aliye chumba kingine amwambie kwa simu kuwa njia ipo, hata kama kwa macho yake anaiona reli tupu mpaka inapopotelea. Sheria hiyo aliihamishia nyumbani, asiondoke mezani mpaka dada yangu amwambie basi, nenda, na dada yangu naye, Mungu amrehemu, siku nyingine alimweka pale makusudi ili apate wa kumsikiliza.

Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, baada ya dada kumkataa mara mbili, na ya tatu mimi ndiye niliyemlainisha, kwa ujira wa peremende. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1978 na wa kiume mwaka 1983, ambao walisoma, wakafaulu, wakaenda kufanya kazi huko mbali, kama wanavyofanya watoto waliolelewa vizuri. Alistaafu mwaka 2006 akiwa mpangaji mkuu wa treni, na tarehe 22 Novemba 2011 dada yangu alitutoka, nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja na redio.

Sasa naingia kwenye reli ya mezani, maana najua ndiyo mnayoingojea, na wengine wenu mmeizungumza vibaya.

Mtoto wa kiume alimtumia baba yake sanduku, ndani yake kichwa cha treni cha kukaa kiganjani, mabehewa saba na reli za kuunganisha, akidhani mzee atacheza wiki mbili atachoka. Mzee akatoa vitanda katika chumba cha watoto, akaunda meza ya ukuta hadi ukuta, akajenga stesheni nne za mbao za makasha, kiwanda cha saruji, ghala la nafaka na gati ya meli isiyokuwa na meli, na vichwa na mabehewa vikaongezeka mpaka nikaacha kuvihesabu. Lakini treni ilipozunguka siku ya kwanza, ikazunguka na ya pili, alikaa akaitazama kama mtu anayemtazama mbwa akikimbiza mkia wake, akasema behewa lisilo na mzigo wa kupeleka mahali si behewa, ni kopo lenye magurudumu.

Ikabidi atafute njia ya kuliambia kila behewa liende wapi, na hapo ndipo alipopoteza mwaka mzima, kwa sababu njia ziko nyingi na kila moja ina tabia yake. Alijaribu pini za rangi juu ya paa, nyekundu bandarini, kijani ghalani, akaziondoa kwa kuwa mabehewa yalionekana yana upele. Akajaribu dadu, likatoka behewa la ng'ombe kupelekwa kiwanda cha saruji, akazitupa dirishani. Mtoto akamtumia programu ya kompyuta, inayofikiri yenyewe na kutoa orodha safi, behewa hili liache hapa, lile lichukue pale, na mimi niliyekuwapo nakiri ilikuwa kazi nzuri, mtu anamaliza treni zote kabla chai haijapoa. Mwisho akabaki na kadi, kila behewa na kadi yake yenye mfuko mdogo, na ndani ya mfuko hati ya mzigo yenye safari nne, ukimaliza ya kwanza unaigeuza unaona ya pili, ila kadi hizo zinakaa kwa mtoa njia, naye anakaa jikoni na simu ya waya, na mwenye treni anakaa chumbani na simu nyingine, hakuna anayeona meza ya mwenzake.

Mtoto alimpigia akamshauri kwa upole achukue ya kompyuta, akamwambia, "Baba, hiyo unaweza kuiendesha hata ukiwa peke yako."

"Ndiyo kasoro yake," mzee akajibu.

Akachagua kadi. Alivuta waya, akaweka kiti jikoni, akaweka na mto juu ya kiti, akangoja. Watu walikuja, tusidanganyane, walikuja wengi, wakachungulia, wakasema mzee una mkono, wakapiga picha, wakauliza umeme unakula kiasi gani, wakaaga. Yeye si mtu wa kumwambia mwenzake kaa, alilelewa kwamba mgeni haombwi muda wake, kwa hiyo aliwasindikiza mpaka barabarani na kurudi.

Kilichofuata mnakijua nusu, ndiyo maana mlioko nyuma mmeanza kucheka. Akawa anaomba njia chumbani, anaweka simu chini, anatembea mpaka jikoni, anainua simu, anajiruhusu kwa sauti nzito ya ofisini, anarudi chumbani, anashukuru. Jirani wakasikia mazungumzo ya watu wawili katika nyumba ya mtu mmoja, wengine wakasema mzee ameoa kimyakimya, wengine wakasema kichwa kimeacha reli, mpaka siku moja adhuhuri, akiwa jikoni kama mtoa njia, alisahau kwamba kule chumbani ameacha treni juu ya daraja, akatoa njia, akarudi akaondoa treni ya pili bila kutazama daraja, na treni mbili zikabusiana, behewa la saruji likaanguka na unga wote wa ngano uliokuwa ndani badala ya saruji ukamwagika. Aliapa palepale kwamba hatajipa njia tena maisha yake yote.

Kishindo hicho kilimleta fundi cherehani wa nyumba ya pili, mama mjane mwenzake, akiwa bado na pini mdomoni, akidhani mzee ameanguka. Alimkuta amesimama mweupe kwa unga, akasikiliza maelezo marefu ya kadi na hati, akatoa pini mdomoni akauliza, "Na mimi nikae wapi?"

Ndugu zangu, swali hilo mzee alinisimulia mara nyingi kuliko habari za harusi yake. Kuanzia hapo kila Alhamisi mchana fundi alikuja na nguo zake za kupinda, akakaa juu ya mto ule, akatoa njia kwa ukali wa mkuu wa yadi, mzee akiuliza chumbani njia ipo, yeye anamjibu, "Subiri, napinda mkono wa shati," na treni nzima ya nafaka inangoja mkono wa shati. Walioeneza maneno wasiende mbali, baina ya wawili wale kulikuwa na ukuta na waya, hawakuonana mpaka kazi iishe. Hati ziligeuka, mabehewa yalifika, na mzee alinenepa.

Mwaka 2021 binti wa fundi alijifungua mapacha akamwita mama yake akae naye, na mama haulizwi mara mbili. Mtoto wa kiume akataja tena kompyuta, nami nikajitolea, lakini kila mmoja anajua nina ulimi na sina subira, baada ya safari mbili mzee alinishukuru sana na kuniambia nikapumzike. Treni zikasimama. Alizifuta vumbi, akazitia mafuta, kadi zikakaa jikoni zimepangwa, na hakuna gurudumu lililozunguka, kwa sababu njia haikutolewa.

Mwanzoni mwa mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa, miguu ikavimba, na binti yake akaja kumuuguza baada ya safari ya siku mbili. Siku ya tatu mzee alimwonyesha kiti cha jikoni, akamweleza, naye akakubali kwa furaha, akatoa njia ya kwanza, akatoa na ya pili, kisha uchovu ukamshinda akalala na kichwa juu ya meza. Chumbani mzee aliomba njia, hakujibiwa, akaja taratibu akamwona, akamfunika kwa khanga ya mama yake, akarudi kukaa mbele ya treni iliyosimama, simu sikioni, mpaka jua likageukia dirisha la pili. Binti alipoamka na kuanza kuomba radhi alimwambia, "Umechoka, mwanangu, mzigo wenyewe ni wa uongo."

Kesho yake alipelekwa hospitali, akatibiwa kwa uangalifu, na tarehe 17 Mei, asubuhi, aliaga dunia, binti akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuchoka naye, wastaafu wenzake wa yadi waliokodi basi kuja hapa, jirani waliotoa viti na kupika, na fundi cherehani, ambaye amesafiri siku nzima na mjukuu mgongoni na ameketi pale mwisho hataki kuja mbele. Nimetoka kuwatazama, mmejaa uwanja, mmejaa barabara, wengine wako juu ya ukuta, na sisi wa familia tunajivunia umati huu na tutausimulia, lakini niliahidi kutoruka kitu, kwa hiyo naisoma na hii: marehemu alikuwa akitafuta mtu mmoja.

Pumzika, shemeji yangu, kwa amani ambayo mtu hajipi mwenyewe.